Wołyń iko wapi, na ilikuwa Poland kwa namna gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Arusha. Ninaposoma habari za wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa Tengeru wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nakuta kwamba baadhi yao walizaliwa mahali paitwapo Wołyń. Nimepatafuta kwenye ramani ya Poland sikupaona. Je, ni wapi hapo? Palikuwa kweli nchi ya Wapolandi? Na kwa nini watu wake hawakurudi kwao vita vilipokwisha?

Jibu: Mwalimu, hukuiona kwa sababu haimo. Wołyń, ambayo Waukraine huiita Volyn, iko kaskazini-magharibi mwa Ukraine, na imekuwa upande huo wa mpaka tangu mwisho wa vita ulivyovitaja. Niweke wazi kwanza kwamba si wakimbizi wote wa Tengeru waliotoka huko. Walitoka katika mikoa mbalimbali ya mashariki ya Poland ya kabla ya 1939, ikiwemo Polesie, Nowogródek, Wilno, Tarnopol na Lwów, ambayo leo imegawanyika kati ya Ukraine, Belarus na Lithuania. Hata hivyo, anayeielewa Wołyń hatapata shida kubwa kuielewa mikoa hiyo mingine, kwa maana maswali yako yote matatu yanajibika humo kwa uwazi kuliko kwingineko.

Ukitaka kuipata kwenye ramani, anza na mto Bug, ambao kwa sehemu yake moja ndio mpaka wa leo kati ya Poland na Ukraine. Wołyń inaanzia hapo na kuelekea mashariki hadi pande za Zhytomyr. Kaskazini inakomea kwenye vinamasi vya mto Pripyat, na kusini inapakana na Podolia na Galicia. Miji yake inayojulikana zaidi ni Lutsk, ambao Wapolandi huuandika Łuck, kisha Rivne (Równe), Kovel (Kowel), Dubno, Ostroh (Ostróg), Kremenets (Krzemieniec) na Volodymyr (Włodzimierz). Sehemu kubwa ya eneo hilo sasa ni mikoa miwili ya Ukraine, Volyn na Rivne, na vipande vyake vingine vimeingia katika mikoa ya Ternopil, Khmelnytskyi na Zhytomyr.

Nchi yenyewe ina sura mbili zisizofanana kabisa. Kaskazini ni tambarare ya mchanga, misitu ya misonobari, maziwa na vinamasi. Huko ndiko liliko ziwa Svityaz, ambalo kina chake hufikia mita 58, na huko ndiko inakopita mito inayotiririka polepole kuelekea Pripyat: Turiya, Stokhid, Styr na Horyn. Stokhid hugawanyika katika mikono mingi yenye matope kiasi kwamba mwaka 1916 jeshi la Urusi chini ya Jenerali Brusilov, lililokuwa limevunja safu za Austria karibu na Lutsk mwezi Juni, lilikwama kwenye kingo zake na kupoteza askari wengi bila kuvuka kwa faida yoyote. Wenyeji wa huko walizoea kusafiri kwa mitumbwi wakati wa mafuriko ya masika yao, na kusubiri baridi kali igandishe vinamasi ndipo wapitishe magogo na nyasi kavu kwa sleji.

Kusini ni nyanda za juu zilizofunikwa na udongo laini wa rangi ya manjano, ambao upepo uliuleta kama vumbi katika zama za barafu na kuulaza kwa tabaka nene. Juu yake umejijenga udongo mweusi wenye rutuba kubwa. Ni udongo ulimikao kwa wepesi na ubomokao kwa wepesi vilevile, kwa hiyo mvua huuchimba na kuacha makorongo yenye kuta zilizosimama wima. Karibu na Kremenets vilima hupanda hadi mita 400 hivi, na juu ya kimojawapo, kiitwacho Mlima Bona kwa jina la malkia wa Poland aliyepewa mji huo katika karne ya 16, kumesalia magofu ya ngome iliyovunjwa na Makosaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, mwaka 1648. Ngano ya nyanda hizi iliweza kusafirishwa kwa maji kupitia Bug na Vistula hadi bandari ya Gdańsk kwenye bahari ya Baltiki, na naamini kwamba bila soko hilo makabaila wa Poland wasingeitamani Wołyń kiasi kile. Vinamasi vya kaskazini peke yake visingewashawishi.

Sasa nije kwenye historia, na hapa itabidi tuwe waangalifu na neno "nchi ya Wapolandi". Katika karne ya 10 eneo hili liliingia chini ya watawala wa Kiev, dola ya Waslavi wa Mashariki iliyokuja kufuata Ukristo wa Kiorthodoksi. Mwaka 1199 mtawala Roman Mstyslavych aliunganisha Wołyń na Halych, yaani Galicia, ikawa dola moja, na mwanawe Danylo akavishwa taji la ufalme na mjumbe wa Papa mwaka 1253, baada ya nchi kuharibiwa na Wamongolia. Nasaba hiyo ilipokatika mwaka 1340, majirani wawili waligombea urithi. Mfalme Kazimierz wa Poland alipata Halych na Lwów, naye Liubartas, mwana wa mtawala mkuu wa Lithuania, akabaki na Wołyń. Ngome ya matofali aliyoijenga Lutsk, yenye minara mitatu, bado imesimama, na mnara wake wa lango umechapishwa kwenye noti ya hryvnia 200 ya Ukraine. Upande wa pili wa noti hiyo kuna picha ya mshairi Lesya Ukrainka, aliyekulia katika kijiji cha Kolodyazhne karibu na Kovel.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili, basi, Wołyń ilikuwa ya Lithuania. Ilikuja kuwa ya Poland rasmi mwaka 1569, wakati wa Muungano wa Lublin, na namna ilivyokuja inafaa kutazamwa kwa karibu. Poland na Lithuania zilikuwa tayari na mfalme mmoja, Zygmunt August, aliyetaka zifungwe kuwa dola moja. Wajumbe wa Lithuania walipoondoka kwenye mkutano kwa kupinga masharti, mfalme alitoa amri mwezi Mei kuitoa Wołyń kutoka Lithuania na kuitia moja kwa moja katika Ufalme wa Poland, na makabaila wa huko wakatakiwa kula kiapo. Waliapa, wengine kwa kusitasita, lakini hawakutoka mikono mitupu. Waliruhusiwa kuendelea kutumia sheria za Lithuania za mwaka 1566, mahakama na ofisi zao ziliendelea kuandika kwa Kirutheni, lugha ya Waslavi wa Mashariki wa huko, na Waorthodoksi wakaahidiwa haki sawa na Wakatoliki. Wakati huo mkulima wa kijijini hakuulizwa chochote, wala hakubadilika lugha wala dini.

Waliobadilika ni mabwana. Ukoo wa Ostrogski unaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa. Konstanty Wasyl Ostrogski, mmoja wa matajiri wakubwa wa Ulaya ya Mashariki, alianzisha chuo mjini Ostroh mwaka 1576, na katika mji huohuo mpiga chapa Ivan Fedorov alitoa mwaka 1581 Biblia kamili ya kwanza kupigwa chapa katika Kislavoni cha Kanisa, lugha ya ibada ya Waslavi wa Kiorthodoksi. Alipofariki mwaka 1608 alikuwa bado Mworthodoksi. Mjukuu wake wa kike, Anna Alojza, alikuwa Mkatoliki wa imani kali, akawafungulia Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, chuo chao katika mji uleule mwaka 1624. Vizazi viwili tu vilitosha. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa koo za Wiśniowiecki, Czartoryski na nyinginezo, ambazo asili yao haikuwa Poland lakini zilikuja kuhesabiwa miongoni mwa familia za Kipolandi zenye fahari kubwa kabisa. Mpaka uliotokea haukuchorwa ardhini. Ulipita kati ya jumba la bwana na nyumba ya mkulima, na vita vya Makosaki vilivyoanza mwaka 1648, pamoja na pigano la siku tatu la Berestechko mwezi Juni 1651 ambamo mfalme wa Poland aliwashinda Makosaki na Watatari, vilipata moto wake mwingi kutokana na mpasuko huo.

Kundi la tatu, Wayahudi, liliishi zaidi mijini. Lutsk, Dubno, Ostroh na Rivne zilikuwa na jumuiya zao za zamani, na katika karne ya 18 mahubiri ya Dov Ber wa Mezhyrich yaliifanya Wołyń kuwa kitovu cha uamsho wa kidini wa Wahasidi uliokwenda hadi Poland ya kati na Lithuania.

Poland ilipogawanywa na majirani zake, Wołyń ilimezwa na Urusi katika migawanyo ya 1793 na 1795. Ajabu ni kwamba ulimwengu wa Kipolandi wa Wołyń ulishamiri zaidi baada ya dola yao kufa. Tadeusz Czacki alifungua shule ya juu mjini Krzemieniec mwaka 1805, na mji huo mdogo wa vilimani ukawa na maktaba, bustani ya mimea na walimu ambao hata Warsaw ingewaonea wivu. Mshairi Juliusz Słowacki alizaliwa humo mwaka 1809. Tsar aliifunga shule baada ya maasi ya 1830 na 1831, akaihamishia Kiev maktaba yake, ikawa msingi wa chuo kikuu kilichofunguliwa huko mwaka 1834. Baada ya maasi mengine ya 1863, mashamba mengi ya makabaila waliohusika yalitaifishwa na Wapolandi wakakatazwa kununua ardhi. Katika miongo hiyohiyo walihamia wakulima wa Kijerumani na Wacheki, waliovutiwa na bei nafuu ya ardhi, kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 msafiri angeweza kusikia lugha sita ndani ya safari ya siku moja kwa farasi.

Ninafika sasa kwenye kipindi kinachowahusu moja kwa moja watu wa Tengeru. Baada ya vita vya Poland na Wasovieti, mkataba wa Riga wa tarehe 18 Machi 1921 uliikata Wołyń vipande viwili: magharibi ikaenda Poland, na mashariki, pamoja na Zhytomyr, ikabaki kwa Wasovieti. Mkoa wa Wołyń wa Poland, wenye makao makuu Łuck, ulikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 35,754, ambao ni karibu sawa na mkoa wako wa Arusha. Sensa ya 1931 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili. Waliosema Kiukraine walikuwa asilimia 68, waliosema Kipolandi chini ya asilimia 17, na Wayahudi karibu asilimia 10. Takwimu hizo ndizo jibu fupi la swali lako la pili. Wołyń ilikuwa ndani ya dola ya Poland, ilikuwa na historia ndefu ya makabaila, makanisa, shule na washairi wa Kipolandi, na wakati huohuo Wapolandi hawakuwahi kuwa wengi humo.

Serikali ya Warsaw ilijua hivyo. Kwa sheria ya Desemba 1920 iliwagawia ardhi askari waliopigania uhuru, hadi hekta 45 kwa mtu, katika mikoa ya mashariki. Walowezi hao walifika kwenye mashamba yaliyoharibiwa na vita, wengine wakaishi kwanza katika mahandaki ya zamani, kisha wakajenga nyumba za mbao, shule, vyama vya ushirika na viwanda vidogo vya maziwa. Kwa upande wao walikuwa wamestahili walichopewa. Kwa jirani wa Kiukraine mwenye kipande kidogo cha shamba, aliyetazamia kwamba ardhi ya bwana ingegawiwa kwake, mlowezi alikuwa ndiye dola yenyewe imehamia mlangoni. Mkuu wa mkoa Henryk Józewski, aliyetawala karibu muda wote kati ya 1928 na 1938, alijaribu kutengeneza suluhu kwa kuruhusu shule za lugha mbili, kuunga mkono tamthilia ya Kiukraine na kuwaingiza Waukraine katika utawala. Alikuwa na maadui pande zote, na alipoondolewa mwaka 1938 jeshi lilishika njia ya mkono wa chuma. Mimi binafsi sidhani kwamba sera yake ingefaulu bila kugawa upya ardhi, jambo ambalo hata yeye hakulithubutu.

Tarehe 17 Septemba 1939 jeshi la Kisovieti lilivuka mpaka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940, katika baridi kali mno, familia za walowezi na za walinzi wa misitu ziligongewa milango kwa pamoja katika mikoa yote ya mashariki. Askari walipekua silaha, wakamsimamisha baba wa nyumba ukutani, wakasoma amri, wakatoa muda mfupi wa kufungasha, mara nyingi nusu saa. Mama aliyekuwa na akili ya haraka alichukua unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, blanketi na cherehani, na cherehani hiyo baadaye ilikuja kulisha familia. Kisha sleji hadi stesheni, na mabehewa ya mizigo yenye vitanda vya mbao, jiko la chuma katikati na tundu sakafuni badala ya choo. Siku hiyo moja walichukuliwa watu karibu 140,000, wakapelekwa kukata miti katika misitu ya Arkhangelsk, Urali na Siberia. Misafara mingine ilifuata mwezi Aprili na Juni 1940, na wa mwisho mwezi Juni 1941.

Ujerumani ilipoishambulia Urusi, Stalin alihitaji washirika. Makubaliano ya Julai 1941 na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London yaliwafungulia mateka hao, na wale waliofaulu kuteremka kusini hadi kwenye jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders walivushwa mwaka 1942 kutoka Krasnovodsk hadi Iran. Kutoka huko, kina mama, watoto na wazee walipelekwa kwa meli katika makoloni ya Uingereza, ndipo Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa, na vilevile Masindi na Koja huko Uganda zikawapokea. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu karibu 5,000.

Wakiwa Afrika, Wołyń waliyoiacha ilikuwa inaangamia. Wajerumani walifanya Rivne makao makuu ya utawala wao wa Ukraine, na mwezi Novemba 1941 waliwaua kwa risasi Wayahudi zaidi ya 15,000 wa mji huo katika msitu wa Sosenki kwa muda wa siku chache. Hadi mwisho wa 1942 jumuiya nyingi za Wayahudi nilizozitaja juu hazikuwepo tena. Mwaka 1943 Jeshi la Waasi la Ukraine, UPA, lilianza kuwaua Wapolandi vijijini ili kuwaondoa kabisa katika eneo hilo. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumapili ya tarehe 11 Julai, vijiji vingi viliposhambuliwa kwa wakati mmoja, na baadhi ya watu wakauawa wakiwa kanisani. Wanahistoria wa Poland hukadiria waliouawa Wołyń kuwa kati ya 40,000 na 60,000. Wapolandi nao walilipiza kisasi, na Waukraine waliouawa kwa njia hiyo ndani ya Wołyń hukadiriwa kuwa elfu mbili hadi tatu. Bunge la Poland liliyaita mauaji hayo ya kimbari mwaka 2016. Nchini Ukraine wengi wanakataa jina hilo na kuyaona kama vita vya pande mbili, lakini tofauti ya idadi ni kubwa mno kwa maelezo hayo kuniridhisha, ingawa dhuluma za miaka ya 1930 nazo ni za kweli.

Hili linatufikisha kwenye swali lako la tatu. Katika mikutano ya Tehran mwaka 1943 na Yalta Februari 1945, Uingereza na Marekani zilikubali Stalin abaki na nchi zilizo mashariki mwa mto Bug, na mkataba wa Agosti 1945 kati ya Poland na Wasovieti ukaufanya mpaka huo kuwa rasmi. Wapolandi waliosalia Wołyń walihamishwa kwenda Poland mpya, wengi wao katika mikoa ya magharibi iliyochukuliwa kutoka Ujerumani. Waukraine waliokuwa upande wa Poland walipelekwa mashariki. Wajerumani wa Wołyń walikuwa wameshaondolewa mwaka 1940, na Wacheki wengi wakaondoka mwaka 1947. Kwa hiyo mkimbizi wa Tengeru aliyeulizwa mwaka 1946 kama anataka kurudi kwao aliulizwa jambo lisilowezekana. Angeweza kurudi Poland, iliyokuwa sasa chini ya wakomunisti waliowekwa na dola ileile iliyompeleka Siberia, na hata huko asingekuta shamba lake. Wachache walikubali. Wengi walisubiri hadi wakapata nafasi Uingereza, Australia au Kanada.

Kwa kazi yako na wanafunzi, jina la mahali pa kuzaliwa likiandikwa Łuck au Krzemieniec peke yake, usidhani mara moja kwamba ni mji, kwa sababu kila mji wa namna hiyo ulikuwa pia makao ya wilaya, na Wołyń ilikuwa na wilaya 11 kufikia 1939. Wilaya ya Sarny ilihamishwa kutoka mkoa wa Polesie mwaka 1930, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa mikoa miwili tofauti bila karani kukosea. Majina mengine yamebadilishwa kabisa: Janowa Dolina, kijiji cha wafanyakazi wa machimbo ya mawe kilichochomwa moto Aprili 1943, leo kinaitwa Bazaltove, na nguzo za mawe meusi ya volkano bado zinaonekana kwenye machimbo yake. Vitongoji vya walowezi wenyewe vigumu zaidi. Vingi vilikuwa na familia chache tu, nyumba zao zilivunjwa kwa ajili ya mbao, mashamba yakaunganishwa katika mashamba ya pamoja ya Kisovieti, na njia ya uhakika ya kuvipata ni ramani za jeshi la Poland za miaka ya 1930, zilizochorwa kwa kipimo cha 1:100,000, ambazo huonyesha vitongoji hivyo kwa majina yao.